Honi ya Aabo na Sheria ya Mwalimu Kirimi

Enzi zetu hapa Isiolo, sisi watoto wa madereva, simu yetu ilikuwa honi ya lori. Wenzangu mliosoma mwanzoni mwa miaka ya themanini mnakumbuka. Kila dereva wa njia ya Merti alikuwa na mlio wake, na lori likipita kando ya shule, mwenye baba alijijua. Honi ya Aabo, baba yangu, ilikuwa milio miwili mifupi na mmoja mrefu wa kukokota. Nikiusikia naruka dirishani, mbio hadi kwenye uzio wa waya, nidake mandazi ya moto yaliyofungwa kwa gazeti. Vumbi liliyafikia kabla yangu, lakini nani alijali?

Sasa fikiria mwalimu anafundisha desimali, na darasa limejaa watoto wa madereva. Mwalimu Kirimi, kijana wa Meru aliyetuletea ndizi kila akitoka kwao, alivumilia muhula mzima. Siku moja chaki ikamvunjikia mkononi. "Kuanzia leo, honi ni ya barabara. Mmoja akitoka kabla ya kengele, darasa lote linakosa mpira Ijumaa!" Tulimnunia wiki nzima.

Asubuhi moja nilikuwa nimemnunia mtu mwingine. Aabo aliahidi kunipeleka Merti likizo, kisha akasema mvua zimeanza, njia ni mbaya, hapana. Aliponiaga nilimgeuzia mgongo, chai nikaiacha ikapoa. Kabla sijafika shuleni nilishajuta. Safari iliyotangulia, mto Ewaso Nyiro ulifurika, na hatukumwona mwezi mzima.

Honi ililia katikati ya hesabu. Miwili mifupi, mmoja mrefu. Darasa zima likanitazama, Mwalimu Kirimi pia. Nikashika dawati kwa mikono miwili. Ikalia tena. Wenzangu waliniomba kwa macho nisiwaponze, na machozi yakawa yananidondoka daftarini. Kisha kimya. Nikajua ameenda, na ameenda akidhani bado nimekasirika.

Kengele ilipolia nilikimbia tu, angalau nione vumbi lake. Lori lilikuwa pale pale. Boneti iko juu, Aabo ameinama ndani, taniboi wake ameshika spana bila kazi, na akina mama waliokaa juu ya magunia ya unga wanalalamikia jua.

"Aabo, gari imeharibika?"

"Iliharibika kidogo. Imepona sasa hivi." Akafunga boneti. "Na wewe, umepona?"

Nikamshika vidole kupitia waya. Havikuwa na hata tone la oili.

Mwalimu Kirimi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Habari, mzee. Gari inasumbua?"

"Salama, mwalimu. Nilikuwa nangoja kengele yako."

Mwalimu alicheka, akatokea langoni, akamsaidia kusukuma jiwe lililozuia gurudumu. Nilimpenda tangu siku hiyo, yeye na sheria yake.

Leo mjukuu wangu Naima anatakiwa kuacha simu katika ofisi ya shule mpaka jioni, na kwake ni msiba. Mama yake, aliye Nairobi, alizoea kumtumia picha za kuchekesha kila kipindi. Watoto wa siku hizi! Wanaagana mara hamsini kwa siku na hakuna aliyeondoka. Mimi niko upande wa shule, na nilimwambia hivyo. Juzi akaondoka bila kuniaga, chai yake imepoa mezani.

Nilikaa nikiitazama ile chai. Aabo alituacha miaka mingi iliyopita. Malori bado yanapita, mazuri kuliko lake, ila ukisikia honi hujui ni ya baba wa nani. Nilimkumbuka hadi nikashindwa kukaa.

Nikanunua mandazi, nikatafuta gazeti la kufungia, maana hata gazeti siku hizi linatafutwa, nikaenda hadi lango la shule. Nikamwambia askari goti limenishika, napumzika kidogo tu. Akaniletea kiti, tukangoja.

Kengele ikalia. Naima akaniona, akaja mbio.

"Nyanya! Ni nini, goti inauma?"

"Iliuma kidogo," nikasema. "Imepona sasa hivi."