Siku Bi Rukia Alipotuita Mmoja Mmoja

Juzi mjukuu wangu alisahau pasi juu ya mto wa sufi. Nyumba haikuungua, alhamdulillahi. Palibaki tundu dogo tu, la ukubwa wa kisahani, na sikupata hata kumkemea, kwa sababu ile harufu ilikuwa imeshanichukua. Sufi ikiungua hainuki kama kuni wala kama nguo. Ina utamu mzito, kama maziwa yaliyofurika jikoni, na ukiivuta kidogo inakaa kooni. Nilikaa kitandani na ule mto mapajani, nikajiona nina miaka minane, niko Kiponda, mtaa tuliokulia, chuoni kwa Bi Rukia, baada ya sala ya alasiri.

Watoto wa siku hizi wanasoma Kurani kwenye madawati, feni inazunguka juu yao. Chuo chetu kilikuwa chumba kimoja kirefu, ghorofa ya kwanza ya nyumba ya mawe, chenye mikeka, mtungi wa maji pembeni na madirisha mawili ya nondo yaliyotazama uchochoro. Tulipanda kwa ngazi moja ya mbao, nyembamba na ya wima, na mahali pa kushikia palikuwa na kamba. Chini, ubavuni mwa ngazi, alifanya kazi Fundi Haji, mshona magodoro. Mchana kutwa nyuzi za sufi yake zilipanda mpaka kwetu, zikaelea kwenye mwanga wa dirishani, zikatua juu ya mitandio yetu taratibu. Wadogo waliambiana kwamba ni malaika wamekuja kutusikiliza. Bi Rukia akiwasikia husema malaika hawapigishi watu chafya.

Mwalimu wetu huyo alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ambayo hakuhitaji kuipandisha. Kabla ya herufi alitufundisha kuitika. Kwengine wasichana huitika "abee". Kwake sote, wasichana kwa wavulana, tuliitika "naam". Ukiitwa unaitika, unaacha ulilonalo, unakwenda. Mara nyingine alituita bure tu, katikati ya kusoma, atazame kama tutainuka. Tukiinuka husema, "Haya, kaa," na kusoma kunaendelea. Tuliona ni ukali usio na sababu.

Mdogo wangu alikuwa na miaka minne, na siku tatu tu chuoni. Jina lake Zuwena, jina la bibi yetu mzaa baba, aliyekuwa akiishi kisiwani Tumbatu. Mama hakuweza kulitamka jina la mama mkwe wake. Ndiyo adabu aliyokulia. Kwa hiyo tangu siku ya saba mtoto aliitwa Bibi. Baba alimwita Bibi, mimi nilimwita Bibi, muuza maziwa alimwita Bibi, naye aliitika kama mwenye cheo. Baba alipompeleka kuandikwa alitaja jina la kwenye cheti, na Bi Rukia akalitia daftarini. Hakuna aliyekumbuka kumwambia mwenyewe, na katika siku tatu zile zamu yake ya kuitwa ilikuwa haijafika.

Siku hiyo moshi ulikuja kimya. Fundi Haji alikuwa ameweka pasi yake ya mkaa karibu na gunia, akatoka kuchukua uzi. Sufi haiwaki kwa kishindo, inafuka. Kwanza niliona mwanga wa dirishani umekuwa mzito, kama kioo kilichopumuliwa. Kisha ukungu mweupe uliingia kwa mlango wa ngazi, chini kabisa, ukatambaa juu ya mikeka, na kwa muda ambao mpaka leo siwezi kuupima sote tuliutazama tu. Mdomo wangu uliendelea kusoma. Nakumbuka ukungu ule niliuona mzuri.

Kisha mtoto mmoja akakohoa, mwengine akasema, "Moto," wala hakupiga kelele, na chumba kizima kikainuka kwa pamoja.

Laiti mngetuona. Mtu angedhani watoto wanaokimbia moto wanakimbia. Sisi tulikwenda mlangoni, na mlangoni tukasimama, kwa sababu hapo ndipo tulipoacha ndara zetu. Watoto thelathini na zaidi waliinama moshini kutafuta kila mmoja jozi yake, na mkono mmoja ulikuwa juu ya kichwa umebeba juzuu, maana juzuu haiwekwi chini. Waliokuwa nyuma hawakujua kwa nini wa mbele hawatembei, wakasukuma. Wa mbele waliona ngazi nyeupe isiyo na mwisho, wakarudi nyuma. Hakuna aliyekuwa mbaya. Yule aliyenikanyaga vidole alisema, "Samahani," kisha akanikanyaga tena.

"Juzuu ziwekeni kwenye marufaa," ilisema sauti ya Bi Rukia kutoka ndani. Marufaa ni vile vibao vya kusomea. "Mwenye maneno yake atayahifadhi. Ndara ziacheni."

Hakuna aliyemsikia. Tulikuwa tumeshakuwa kitu kimoja, na kitu hicho hakikuwa na masikio.

Ndipo akaita, "Saada."

Ni mimi huyo. Nikasema, "Naam."

"Shika kamba, shuka. Usimame nje, kwenye ukuta wa msikiti."

Miguu yangu ilishuka kabla sijaamua. Nyuma yangu nikamsikia akiita, "Khamis." "Naam." "Shuka. Mshike Saada nguo." "Mwanajuma." "Naam." "Shuka." Aliita kama anayegawa haluwa, bila haraka, na kila aliyeitwa aliachana na wenzake akawa mtu tena. Ngazini sikuona kitu. Nilisikia kamba ikinikwaruza kiganja na majina yakishuka juu ya kichwa changu, moja moja, kama matone baada ya mvua kuisha. Nilihisi chini ni mbali mno, na wala sikuogopa.

Nilipotokea uchochoroni nilikutana na mkutano mwengine. Mama zetu walikuwa wamesikia, na wote walitaka kuingia kwa mlango ule ule tuliokuwa tukitoka. Fundi Haji, ndevu zimejaa sufi, alikuwa amesimama kizingitini na ndoo mkononi.

"Nyie mama, mkiingia nyie, watoto watatokea wapi?"

"Wewe uliyetuchomea watoto nyamaza," akajibu mmoja.

"Nitanyamaza, lakini kaa upande. Nshamwaga ndoo saba. Gunia limezimika, uliobaki ni moshi. Moshi unaua pia. Kaa upande, dada yangu, unitukane kutoka pale."

Wakasogea wakimtukana, na njia ikapatikana. Watoto walitoka mmoja mmoja, miguu mitupu, machozi yakitiririka, wakasimama ukutani. Mimi niliwatazama wakitoka. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mkono wangu ulikuwa mtupu. Mama alikuwa ameniambia asubuhi, na jana yake, na juzi yake: usimwachie mdogo wako mkono.

Juu dirishani ilisikika, "Zuwena."

Kimya.

"Zuwena Makame."

Msinicheke: nilijiuliza huyo ni mtoto wa nani. Jina lile kwangu lilikuwa la mwanamke mzima wa Tumbatu, mwenye sanduku la mbao na ugoro. Bi Rukia aliita tena, akakohoa, akaita tena, na kati ya mwito na mwito alikaa kimya kirefu zaidi. Watoto wote walikuwa wameshatoka isipokuwa mmoja, naye, kama tulivyojua baadaye, alikuwa amejikunja nyuma ya mtungi, uso ameuficha, akisikiliza mtoto mwengine akiitwa.

Mama akafika kutoka sokoni, kapu begani.

"Saada, Bibi yuko wapi?"

Nikatazama dirishani. Akapaza sauti uchochoro mzima, "Bibi! Bibi!"

Bi Mwanakheri, jirani yetu mkongwe aliyekuwa amekaa barazani, akageuka. "Naam, mwanangu. Mimi niko hapa, sijaungua."

Watu wawili watatu wakacheka, hivyo hivyo na vilio vyao. Na katika kicheko kile akili yangu ikafunguka. Nilikimbia chini ya dirisha nikapiga ukelele ambao sijaurudia maishani.

"Mwalimu, mwite Bibi! Zuwena ndiye Bibi!"

Tukasikia Bi Rukia, kwa sauti ile ile ya kila siku, akisema, "Bibi."

Kilichojibu sikukisikia. Mama alisema alikisikia, na mimi nimemwamini. Nilichosikia ni miguu ngazini, mizito, ikisimama kila kidato, kisha Bi Rukia akatoka, mtandio ameulowesha maji na kumfunika nao mtoto aliyempakata. Mdogo wangu alitoa kichwa, akatutazama kwa hasira.

"Mbona hamkuniita?"

Mama alimpokea, akakaa naye pale pale chini, na mbele ya watu wote akamwita Zuwena. Mara moja tu. Bi Mwanakheri alitazama pembeni, kwa heshima. Kesho yake mtoto alikuwa Bibi tena, na Bibi ndiye mpaka leo, ana wajukuu sita.

Mimi nilikua na vitu viwili kutoka siku ile. Kimoja ni fahari: kati ya watoto wote mwalimu aliniita mimi kwanza, na niliamini ni kwa sababu nilisoma vizuri kuliko wenzangu. Cha pili sikukisema kwa mtu: kadiri nilivyokua ndivyo nilivyokumbuka kwamba nilikuwa nimesimama pale mlangoni nikimtafuta mdogo wangu, kisha nikaitwa, nikamwacha.

Miaka mingi baadaye, Bi Rukia akiwa mtu wa kitandani, nilikwenda Jang'ombe, kwa mwanawe, kumwona. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwosha miguu, na nilipokuwa nikiikausha nikamwomba radhi kwa kumwacha Bibi.

"Hukumwacha," alisema. "Nilikutoa. Ulikuwa umeziba mlango."

"Nilikuwa namtafuta Bibi."

Alinitazama kwa upole ambao sikuwa nimeustahili.

"Ulikuwa umeinama, mwanangu. Ndara moja unayo mkononi, unatafuta ya pili. Watoto wote walikuwa nyuma yako."

Nilicheka, kisha nikalia, naye akaniachia vyote viwili. Hakuwa amemwambia mtu. Zaidi ya miaka arubaini alinisikia nikisifiwa kwenye maulidi na arusi kwamba mimi ndiye niliyemwokoa mdogo wangu, na alinyamaza. Wala sina uhakika mpaka leo ni kumbukumbu ipi iliyo ya kweli. Huenda nilimtafuta Bibi na ndara pia. Mtoto wa miaka minane ana nafasi ya vyote. Lakini namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba mwalimu hakungoja kujua natafuta nini. Wajukuu wangu wakiniomba kisa cha moto wa Kiponda, sasa nawaambia kwanza kwamba aliyekuwa ameziba mlango ni mimi.