Farasi Wasio na Mwenyewe

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni kwanza simu chini. Sitaki kusomwa nusunusu. Mimi nilikaa shuleni miaka mitatu tu, kwa masista, kule Uvira, lakini hili ninalolisema sikulisoma popote. Lilinipata.

Enzi zetu mtoto hakuulizwa kitu. Uliamshwa, ukanawa uso kwa maji ya ziwa yaliyolala kwenye mtungi, baridi mpaka meno yanauma, ukala kiazi cha jana, ukatoka. Mpira tulifunga wenyewe kwa majani makavu ya mgomba. Shuleni sista alitembea na rula ndefu, na ukikosea kusoma alikupiga vidole vilivyokunjwa, si kiganja, maana kiganja alisema kimezoea kazi. Mchana tulitumwa ufukweni kulinda ndagala waliokuwa wameanikwa juani, tufukuze kunguru. Kunguru walikula kidogo. Sisi tulikula zaidi. Tukirudi, mama alitupanga mlangoni akasema, "Leteni vidole ninuse." Hakupoteza muda kuuliza nani kaiba. Jioni ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na aliyenuka samaki alikula sombe tu, bila samaki.

Mnacheka. Nyinyi mkinyimwa Wi-Fi saa moja mnasema mnateswa.

Lakini kulikuwa na maneno mawili tuliyoyaogopa kuliko rula ya sista: kwenda kutembea. Maana wakati ule ndugu akiwa hana mtoto, au ana kazi nyingi na mikono michache, alipewa mtoto wa nduguye amlee. Haikuwa adhabu wala aibu, ndivyo ukoo ulivyoshikana. Shida ni kwamba mtoto mwenyewe hakuambiwa. Alivikwa nguo safi, akaambiwa tunakwenda kutembea.

Mimi nilikuwa na miaka minane. Baba aliniambia juu mlimani iko Mzungu mmoja wa kahawa, ana farasi, twende nikamwone. Sikuwa nimeona farasi. Tulipanda lori, tukamalizia kwa miguu, na kweli farasi alikuwepo, mwekundu, amesimama nyuma ya ua. Nilimsogelea mpaka pumzi yake ikanipiga usoni, ya moto, yenye harufu ya majani. Niliona ana kope ndefu kama za mtu. Nikageuka kumwambia baba. Nyuma yangu alikuwa amesimama shangazi, ameshika kifurushi cha nguo zangu.

Nilikaa kwake miaka minne. Hakunipiga, alinilisha vizuri, kwa hiyo hakuna aliyeelewa nilikuwa nalilia nini.

Sasa tuje Durban. Ilikuwa mwaka mmoja hivi baada ya Kombe la Dunia kuchezwa huku Afrika Kusini. Tulikaa Albert Park, gorofa ya saba, lifti imekufa zamani, vyumba viwili. Tulikuwa mimi, binti yangu Furaha, mume wake Bahati aliyefanya kazi ya makontena bandarini, na wajukuu wangu wawili, Isaka wa miaka kumi na minne na Neema wa tisa. Furaha alikuwa na mimba ya tatu, tumbo limeshatangulia mlangoni.

Siku moja mezani Bahati akasema, "Likizo hii tunakwenda kutembea, asubuhi tuende, jioni turudi. Iko mbuga moja kando ya bahari, mbele kidogo ya kwa dada yangu. Iko na farasi wadogo wa pori."

Nikaweka kijiko chini.

Isaka, anayeniita koko, yaani bibi, akaniletea simu nione picha. "Angalia, koko. Wanazunguka tu kwenye mchanga."

"Wa nani?"

"Hawana mwenyewe."

"Kitu kisicho na mwenyewe hakinenepi hivyo."

"Eish, koko. Hata farasi unamshuku?"

"Farasi simshuku. Namshuku aliyemleta mezani."

Walicheka wote, hata Neema, aliyekuwa ameshaanza kuwapa majina wale wa kwenye picha. Bahati alicheka pia, lakini alicheka akiangalia sahani.

Basi nikaanza kulinda safari ile kama nilivyolinda ndagala. Mimi mwenyewe sikuwa wa kwenda, magoti yangu na ngazi za gorofa saba hawasalimiani. Walikuwa waende wanne, kwa gari dogo la kuazima kwa rafiki. Bahati na Furaha mbele, watoto nyuma. Nilimsikia Bahati akimwambia dada yake kwenye simu, "Kile kitanda cha mtoto mchanga tutakibeba wakati wa kurudi. Nafasi itakuwepo." Nakijua kitanda kile, alituonyesha picha. Ni cha mbao, hakikunjiki. Nikakaa nikipiga hesabu ya kiti cha nyuma. Isaka na Neema wakikaa, kitanda kinakaa wapi?

Keshokutwa yake nilifungua valize ya Furaha, lile sanduku lake la nguo. Ndiyo, nilifungua. Nyumba ya binti yangu, macho yangu. Nguo za Neema zilikuwa nyingi kuliko za siku moja, na chini kabisa, imepigwa pasi, unifomu yake ya shule.

Nilimtuma Neema mkate. Nikamwita mama yake.

"Furaha, hao farasi wanasoma?"

"Wanasoma nini, mama?"

"Unifomu iko kwenye valize, wakati wa likizo. Ndiyo nauliza kama wanasoma."

Alikaa kitandani polepole, mkono kiunoni. "Dada yake Bahati hana mtoto, mama. Iko na vyumba vitatu. Iko na shule karibu. Hapa huyu anayekuja tutamlaza wapi, kwenye sinki? Ni mwaka mmoja tu."

"Neema anajua?"

"Akijua atalia njia nzima. Afadhali aone kwanza farasi, afurahi."

Hapo nikamwambia ya kwangu. Sikuwa nimemwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Nilimwambia juu ya lori, na ile pumzi ya moto, na kifurushi. Nilidhani atalia. Hakulia. Aliniangalia kama mtu anayesubiri zamu yake.

"Mama, na mimi ulinipeleka Bujumbura kwa mama mkubwa. Uliniambia tunakwenda kununua viatu."

Nilitaka kusema si kweli.

"Viatu nilivipata," akasema. "Vyekundu. Wewe sikukuona mpaka Pasaka."

Nililisahau, watoto. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Mimi niliyebeba farasi yule miaka yote hiyo, nilimfanyia mwanangu vilevile, nikasahau kama mtu anavyosahau alichopika Jumanne. Kwangu ilikuwa safari ya kawaida. Nilikuwa na shida, dada yangu alikuwa na nafasi.

Bahati aliporudi kazini nilimwambia amweleze mtoto mwenyewe, kwa kinywa chake. Akaeleza, akizungukazunguka kama teksi inayotafuta abiria. Neema alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Na mimi ningejua lini?"

Bahati akamwangalia Furaha. Furaha akaniangalia mimi.

Enzi zetu wazazi hawakuwa wabaya. Mlango ulikuwa wazi, mtoto alikuwa wa wote, na ninyi mnaojifungia kila mmoja na waya zake masikioni mngelala njaa siku ambayo sisi tungekula kwa jirani. Natamani mngeonja hilo. Leo mnawaambia watoto kila kitu, mnagombana mbele yao, mnawauliza wanataka kula nini kama wako hoteli. Lakini hili moja bado mnalificha kama tulivyolificha sisi, na mnalipakia kwenye gari pamoja na biskuti.

Bahati alisema, kwa heshima, "Mama, nafasi haipo lakini." Na alikuwa mkweli, haikuwepo.

Nikasimama. Niliwaambia hivi, na sikurudia:

"Furaha, toa hiyo unifomu, irudi kwenye msumari wake. Neema atalala na mimi, upande wa ukuta, na akinipiga mateke ni shauri langu. Bahati, mpigie dada yako sasa hivi, hapa mbele yetu, umwambie mtoto haji, na akitaka kumlea mtu aje aombe mwenyewe, Neema akiwa amekaa hapa, amjibu yeye. Kwenye farasi nendeni. Lakini mtashuka hapa watu wanne, na mkirudi mtapiga hodi wote, kila mtu kwa sauti yake. Sauti zikiwa tatu, mlango huu sifungui."