Kasia Jipya la Namba Kumi na Saba

Nyuma ya chumba ninachopanga hapa Chapwa, mjini Tunduma, amehamia fundi seremala, na kila asubuhi anapoanza kupiga randa, harufu ya mbao mbichi hupita dirishani na kunikuta bado niko kitandani. Watu wengi huipenda harufu hiyo. Mimi hujifunika shuka mpaka usoni. Tangu nimalize chuo najitolea kwenye ofisi ya wakala wa forodha, kazi yangu ni kukagua fomu za malori kabla hayajavuka mpaka, na siwezi kutia tiki mpaka nitoke nje nikalione lori lenyewe kwa macho. Wenzangu hunicheka. "Dada, lori limeandikwa hapo, unataka likupe shikamoo?" Nami hucheka nao. Sijawahi kuwaambia sababu. Nakuambia wewe.

Nilikulia bondeni, kwenye mwalo mmoja, mahali pa kushushia samaki, wa Ziwa Rukwa upande wa Momba. Baba alikuwa ng'ambo Zambia kwa ndugu zake, akija na kuondoka. Mama alikuwa katibu wa mwalo: yeye ndiye aliyeandika kila mtumbwi ulioingia, samaki wa aina gani na kilo ngapi, na kumpelekea afisa uvuvi taarifa. Lakini mwandiko wa mama ulikuwa kama kuku aliyepita kwenye tope, kwa hiyo tangu nikiwa darasa la nne mimi niliandika, yeye akatia sahihi. Nilijivuna kupita kiasi. Nikikosea herufi moja nilikosa raha mpaka kesho yake.

Kila mwaka ziwa lilifungwa kwa miezi kadhaa ili samaki wazaliane. Siku ya kufunga, kabla ya saa sita mchana, kila mwenye mtumbwi alitakiwa aje na kasia lake lenye namba, likabidhiwe, lifungwe kwa kamba pamoja na mengine na kuwekwa stoo mpaka ziwa lifunguliwe. Mitumbwi yenyewe hakuna aliyeihesabu. Mingine ilivutwa nyuma ya mabanda ya kukaushia samaki, mingine ikapinduliwa majanini huko mbali, na afisa alikuwa na mialo mingine ya kufunga siku hiyohiyo. "Mtumbwi bila kasia ni gogo," wavuvi walisema, na hesabu ya makasia ndiyo ikawa hesabu ya mitumbwi. Afisa alikuja na boti ya doria, chombo pekee chenye injini upande wetu. Taarifa ikishatiwa sahihi kwamba wote wamerudi, boti iliondoka kwenda mwalo unaofuata.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la tano. Wa kwanza kuja alikuwa baba mdogo Yohana, mdogo wake baba, mwenye mtumbwi namba kumi na saba. Ni yeye peke yake aliyeniita kwa jina la ukoo wetu, Namwinga, kana kwamba nilikuwa mama mzima mwenye shamba na ng'ombe. Nilimpenda kwa hilo. Alinikuta peke yangu mezani, mama akiwa kwenye mzani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, Namwinga. Pokea kasia, andika upesi kabla mama yako hajaja kunipima na mimi. Nimekonda, atasema kilo zimeibiwa."

Nilicheka, nikalipokea, na harufu ikanipiga. Makasia ya mwalo wetu yalikuwa meusi pale mkono unaposhika, yananuka utelezi wa samaki na miaka. Hili lilikuwa jeupe kama muhogo uliomenywa, linanuka mbao mbichi. Rangi ya namba iliganda kwenye kidole gumba changu. Kasia hilo lilikuwa halijagusa maji hata siku moja.

Nilimtazama. Yeye alitazama ziwa, ambalo asubuhi ile lilikuwa limetulia kama chai kwenye sahani.

"Nyavu zangu mbili zimebaki kule kwenye matete," alisema kwa sauti ya chini. "Nikiziacha zitaoza. Saa tano niko hapa, nakunywa chai yenu."

"Unaenda na nani?"

"Mwenzangu jana kapanda gari kwenda kwao Mlowo. Nyavu mbili tu, Namwinga. Au unataka kuja kunishikia mkono?"

Juu ya safu katika daftari mama alikuwa ameniambia niandike: Kasia limepokelewa. Kasia lilikuwa limepokelewa. Nikatia tiki.

Tangu pale sikukaa vizuri. Nilijitetea kichwani kama mtu aliye mbele ya baraza. Sijadanganya, nimeandika kilichopo. Na nikiulizwa? Nitajibu kilichoulizwa. Kule kwenye mzani akina mama wachuuzi walikuwa wakimtania mama. "Katibu, huo mzani wako unakula samaki kuliko mamba!" Mama akawajibu, "Mamba hula na kidole kinachoegemea mzani, mama, toa chako." Wote wakaangua kicheko, ila mimi. Saa tano ilikuja ikapita.

Mama alipomaliza alikuja na kamba za katani, akaanza kuyafunga makasia kumi kumi kwa kufuata namba. Nakumbuka alipofika fungu la pili mikono yake ilisimama. Alitazama ziwani kidogo. Kisha akalikaza fundo kwa nguvu na kuendelea. Nilidhani mgongo ulikuwa unamuuma.

Afisa alifika akiwa na haraka.

"Katibu, wote wamerudi?"

Mama alinigeukia. "Soma, mwanangu."

"Makasia thelathini na moja," nilisoma.

"Safi. Mialo yote ingekuwa na mwandiko huu ningestaafu mapema." Mama akatia sahihi, muhuri ukagongwa, na mlio wa injini ukafifia kando ya matete mpaka tukabaki kusikia kunguru tu.

Saa saba upepo ulianza. Rukwa halina kina, na upepo haulikuzi taratibu. Hulikoroga kama uji, toka chini. Vumbi la ng'ambo lilipanda likafunika upande wa mashariki, maji yakageuka rangi ya udongo, na watu wakakimbia kuondoa samaki chanjani huku wakichekana kwa kanga zilizopeperushwa. Kwao ziwa lilikuwa limefungwa. Hakuna mtu wa kumhofia majini.

Nilikwenda kuhesabu mitumbwi. Nyuma ya mabanda, majanini, mpaka kwenye kijito. Thelathini. Nikaanza tena kutoka mwisho. Thelathini. Labda ameshukia mwalo mwingine. Labda anakunywa pombe mahali. Nikisema, halafu atokee, nyavu zake zitachomwa moto na mama atavuliwa kazi. Nisiposema... Nilizunguka hivyo, nikihesabu na kufikiri, kwa muda ambao hata leo naogopa kuupima. Ilikuwa saa tisa nilipomwendea mama.

"Mama, namba kumi na saba..."

Hakuniacha nimalize. Alikuwa amekaa mlangoni mwa stoo, ufunguo tayari mkononi. Aliingia, akafungua fungu la pili, akachomoa kasia moja na kutoka nalo nje akiwaita wanaume.

"Ziwa limefungwa, katibu," mmoja alisema.

"Nimelifungua mimi. Yohana yuko nje."

Mitumbwi minne iliingia majini na mawimbi yakairudisha yote. Kijana wa pikipiki alitumwa kuifuata boti ya doria, na boti ilifika kesho yake asubuhi, maji yakiwa yametulia kana kwamba hayakufanya kitu. Siku ya tatu mtumbwi ulikutwa kwenye matete. Kasia lake la zamani, jeusi, lilikuwa limefungwa ubavuni, na ndani nyavu mbili zilikuwa zimekunjwa vizuri. Mwili wake ulipatikana siku iliyofuata.

Mama aliandika taarifa upya kwa ule mwandiko wake wa kuku: mitumbwi thelathini na moja, iliyorudi thelathini. Kwenye kikao alisema tiki ilikuwa yake. Walimvua ukatibu, na kabla mwaka haujaisha tukahamia Tunduma. Hakunigombeza hata siku moja, nami kwa miaka nilikaa nikingoja kugombezwa. Niliamini kwamba katika mwalo mzima ni mimi peke yangu niliyejua.

Mwezi uliopita mama alikuja kunitembelea. Tulikuwa tumekaa sakafuni tunachambua maharage, yeye akinisimulia habari za majirani, fundi akaanza kupiga randa. Harufu iliingia. Kabla sijainua kichwa, mama alikuwa amesimama, amefunga dirisha, na mkono wake umebaki pale kwenye komeo.

Ndipo nikaiona tena mikono yake ikisimama kwenye fungu la pili. Nikamwona anaingia stoo na kuchomoa kasia moja kati ya thelathini na moja bila kutazama namba. Tulilinusa sote wawili. Mimi nilingoja mkubwa aseme, na yeye akaniambia, "Soma, mwanangu."

Alirudi akaketi. Aliokota punje moja mbovu, akaitazama kwa muda mrefu, akaiweka kando. Chumba kilikuwa na joto, lakini hakuna kati yetu aliyeinuka kulifungua dirisha.