Majina Matatu Ambayo Mama Hakuyataja

Wenzangu tunaokutana kusomeana maandishi wananihimiza nirudie jina alilonipa baba. Wanasema ni la kale, lina harufu ya udongo wa Ugogo, litapendeza juu ya kitabu. Hawakulibeba wao. Lilikuwa jina la njaa. Bibi mzaa baba alizaliwa mwaka ambao watu walichemsha ngozi za ng'ombe wakala, akaitwa hivyo. Nami nikarithishwa nikiwa mtoto mnono, niliyeshiba maziwa. Wasichana wa rika langu walinipisha njiani wakipiga goti: "Shikamoo, kizee!"

Kicheko chao ningekisahau. Kilichonichoma ni kwamba mama hakuwahi kuniita kwa jina hilo. Kwetu mke hataji jina la mkwe wake, na jina langu lilikuwa la mkwe wake. La pili lilikuwa la baba, mumewe. Hilo nalo hakulitaja. La tatu lilikuwa la babu, mkwe wake mwingine. Mimi mzima nilikuwa mwiko kinywani mwa mama yangu. Aliniita Mkwe, akaniita Kibibi, na akikasirika, "Wewe, mwenye mji!" Baba aliniita Mama. Nikiwa shambani nafukuza ndege kwenye uwele, niliwasikia mama wengine wakipanda juu ya tembe zao, nyumba za paa bapa la udongo, na kuwaita binti zao, majina yakielea juu ya masuke, nami nikawaonea wivu.

Ilikuwa enzi ya Mjerumani. Baba alikuwa amechukuliwa kuvunja mawe ya njia ya reli, na misheni ya upande wa Kongwa ikafungua darasa la wasichana. Mama akanipeleka. Mwalimu, kijana kutoka pwani, alikaa barazani na daftari lake. Wasichana waliotutangulia walijitaja wenyewe.

"Jina la mtoto, mama?"

"Ni huyu hapa."

"Namwona. Anaitwaje?"

"Mwulize mwenyewe, baba."

Akanigeukia. Nikafunga mdomo. Leo, niliwaza, mama atalazimika. Nilitaka kulisikia mara moja tu kwa sauti yake.

"Ni bubu?"

"Si bubu, baba."

"Basi nitajie wewe. Lake, la baba yake, la babu yake."

Mama akainamia vidole vya miguu yake. Mwanamke mmoja nyuma yetu akasema, "Mwalimu, hayo ni ya wakwe. Hawezi."

"Daftari halijui wakwe!" Mwalimu akacheka. "Nimeona wasiojua umri wa watoto wao. Wewe hujui hata jina la uliyemzaa?"

Hakuna aliyecheka naye. Wanawake wote walikuwa wakinitazama mimi, kwa kuwa walijua ni nani angeweza kumwokoa. Sikufungua mdomo.

Mwalimu akachovya kalamu akaandika jina la Kijerumani, akalisoma polepole. Mama akalirudia. Halikuwa la mkwe wala la mume. Akalirudia tena, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

Jioni ile alipanda juu ya tembe. Akaliita jina hilo kwa sauti ndefu, likavuka mashamba yote. Naye sasa alikuwa na binti wa kumwita. Mimi nilikuwa nimejificha ndani ya uwele.

"Unamwita nani?" bibi aliuliza mlangoni.

"Mjukuu wako, mama."

"Simjui huyo." Na tangu siku hiyo bibi hakuniita tena kwa lolote. Alipokufa, jina lake lilizikwa naye.

Mama naye hayupo. Sasa wenzangu wananiambia nilitupe hilo la kigeni. Silipendi, ni la daftari, la mtu aliyemdhihaki mama yangu. Lakini ndilo jina langu pekee lililowahi kupita kinywani mwake, na litakaa juu ya kitabu changu liniume. Jioni ile aliliita mara saba. Nilihesabu. Sikuitika hata mara moja.