Sindimba Shambani kwa Mama Mkwe

Jamani, Kitangari sasa napita njia za uani. Mimi, fundi wa mtandao, nilikuwa nafunga kamera ili mama mkwe aone mikorosho yake kwenye televisheni ya sebuleni. Nilimwambia asiiwashe mpaka nimpigie. Majani mazito yalizuia mawimbi, nikahangaika tangu asubuhi. Nikapandisha antena juu ya mlingoti, nikavuta waya mpya, taa ikawaka kijani! Kwa furaha nikavua shati, nikaicheza sindimba mbele ya kamera, kiuno hakina mfupa. Ndipo nikapiga simu.

“Shikamoo, mama. Sasa washa.”

“Marahaba, Baba Zuhura. Mbona tuliwasha zamani? Kina mama wa kikoba wote wapo hapa, wanauliza kwa nini umeacha.”