Rekodi ya Gari la Wagonjwa

Nimechoka kuiona ile rekodi. Ni mistari tu ya tarakimu inayoshuka kwenye kioo cha laptopu, maelfu kwa maelfu, na mimi, fundi umeme wa magari hapa mjini Masoko, nilikaa wiki nzima kwenye kiti kibovu nikiitazama ikishuka.

Gari lilikuwa la wagonjwa. Mwezi wa Ramadhani, saa saba mchana, lilizima njiani likitokea Likawage na mama mwenye uchungu ndani. Dereva, mtu mzima aliyenizidi miaka ishirini, alisema lilizima lenyewe, na baada ya saa nzima likawaka lenyewe. Walipofika hospitali mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Nesi alikuwa nyuma na mgonjwa, hakuona ya mbele. Wakubwa wa dereva wakasema mzee alikuwa amefunga, usingizi ukampitia, gari likamzimikia, kisha akapapatika na ufunguo mpaka likagoma. Nikaitwa nipime nani mkweli.

Ndani ya magari ya siku hizi kuna kompyuta ndogondogo zinazotumiana ujumbe kwenye nyaya mbili. Injini inasema inazunguka vipi, dashibodi inaonyesha. Nilipachika kinasa cha ujumbe huo chini ya usukani, gari likaenda Pande na kurudi siku kadhaa bila kuzima. Kisha nikafungua kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, nikaliweka mezani pamoja na dashibodi. Nikarusha rekodi yote upya kwenye nyaya zao kwa mwendo uleule ilivyonaswa, ili boksi lijione liko safarini, na juu yake nikaning'iniza balbu kubwa ya kulipatia joto la mchana wa Likawage. Siku tatu mshale wa mizunguko ya injini haukuyumba. Nikaandika ripoti: boksi ni zima. Nilikuwa hoi, nilitaka jibu lolote litakaloniruhusu nifunge mlango nikalale.

Wiki iliyofuata nikaja kufungasha vitu. Nilirusha rekodi mara ya mwisho ili niwapigie wakubwa picha ya kuambatanisha, nikasahau kuisimamisha, nikachomoa soketi ya boksi. Mshale ukaendelea kupanda na kushuka kama kawaida.

Nilisimama na ile soketi mkononi. Boksi halikuwa na umeme hata chembe, na bado dashibodi ilikuwa inapokea ujumbe wa injini. Ilikuwa inaupokea kutoka kwenye rekodi. Kabla ya kurusha, unatakiwa uondoe tiki, kwenye orodha iliyo kwenye laptopu, mbele ya ujumbe wote wa kile unachokipima, ili rekodi isikisemee, kiseme chenyewe. Jambo la kufundishwa siku ya kwanza. Mimi, na majivuno yangu yote, sikuondoa. Siku tatu nilikuwa napima rekodi. Nilijitukana kwa Kimatumbi, maana Kiswahili hakikutosha.

Nikarudisha soketi, nikaondoa tiki, nikarusha tena. Dakika ya arobaini, boksi likiwa limepata joto kali, mshale ukaanguka hadi sifuri. Nikaliacha lipoe, likaamka. Nikarudia mara nne, kila mara nikiomba lisizime, nisiwe nimemdhulumu mtu. Lilizima mara zote nne.

Dereva alikuwa ameshanyang'anywa usukani, amewekwa getini kuwafungulia wenzake. Alasiri ile nilimkuta nyumbani kwake, ameketi kwenye jamvi akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Karibu, kaa kitako."

Nikakaa. Nikamweleza kosa langu lote, la tiki na la soketi, bila kujitetea.

"Gari lilizima lenyewe, mzee. Ulisema kweli. Kesho napeleka ripoti mpya."

Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Alimaliza kwanza gunzi lililokuwa mkononi, akaliweka kando.

"Mimi niliiamini karatasi yako," alisema. "Nikasema kompyuta haina sababu ya kunisingizia. Basi itakuwa kweli nilisinzia, ni mimi tu sikumbuki, kwa ile saumu na lile jua."

"Mzee, nisamehe."

"Ijumaa nilipanda bodaboda mpaka Likawage, nikamwomba radhi mama wa yule mtoto. Nikamwambia, mwanangu, nililala, ndiyo maana mwanao kafa. Mumewe aliinuka akatoka nje, hakutaka kuniona. Yeye alilia sana. Halafu akanisamehe."

Mzee aliniangalia bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Sasa nikamwambie nini, fundi? Kwamba alimsamehe mtu asiyemkosea?"

Nikamwambia aliyemkosea yupo, ni mimi niliyeandika karatasi ile, na kwamba kesho asubuhi, nikishapeleka ripoti, namwomba anionyeshe nyumba ya yule mama, nikamwambie mwenyewe.