Duara Aliloliacha Abílio

Jua la Juni halijapanda juu ya mapaa ya Esch, mji wa Luxemburg wenye Wareno wengi, na Abílio Quintela tayari amepiga magoti katikati ya barabara. Hasali. Anamwaga unga wa mbao wa buluu kwa vidole, taratibu, kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi wa wageni.

Nyuma yake wanawake wa parokia ya Wareno wanachambua maua, na kumchambua yeye.

"Abílio, mwanangu, kalisi iko wapi?" anauliza Dona Deolinda, mjane mwenye sauti ya kengele. "Mimi naona mawimbi tu."

"Ni mwanga, Dona Deolinda."

"Mwanga hata jikoni kwangu upo. Nataka kalisi, kikombe cha misa!"

Wenzake wanaangua kicheko.

Juu ya zulia hili la unga wa mbao na maua, kwenye maandamano ya sikukuu ya leo, atapita padre akibeba Ekaristi Takatifu. Kabla yake, hakuna mguu unaothubutu kulikanyaga.

Abílio alitoka kijijini kwao huko Trás-os-Montes, kaskazini mwa Ureno, akiwa kijana. Siku nne za wiki hupiga lipu na rangi kwenye nyumba za watu, kazi inayompa kama euro elfu mbili kwa mwezi. Siku zinazobaki huchora picha zake za kisasa: rangi na rangi, hakuna mtu, hakuna mti. Zimetundikwa Paris, zimetundikwa Brussels. Nyumbani kwa Mreno wa Esch, hakuna hata moja.

"Mama yangu mzazi aliiweka niliyompa nyuma ya kabati," anasema akicheka. "Alisema itawatisha kuku."

Ndiyo maana padre alipomkabidhi zulia la mwaka huu, alifurahi na kuogopa kwa pamoja. "Wageni wakiikataa picha yangu, nakula na kulala. Hawa wakiikataa, nitakuwa mgeni mpaka kaburini."

Kazi inapokwisha, anakwenda kunawa na kutafuta mkate. Katikati ya zulia ameacha duara tupu, lami nyeusi, kwa makusudi. Kwake hilo ndilo moyo wa mchoro.

Lakini kwa wanawake hawa, kuacha pengo kwenye njia ya Bwana ni kama kumkaribisha mgeni mezani pasipo sahani.

"Maskini, rangi zimemwishia," anasema Dona Deolinda. "Haya, tumsitiri."

Wanalijaza kwa maua ya manjano na mawaridi ya vibarazani mwao.

Abílio anarudi, anasimama. Vicheko vinakatika.

"Tumekumalizia," anasema Dona Deolinda, vidole vyake vya manjano vikishika aproni. "Au tumekosea?"

Abílio anayainamia maua. Kisha anacheka mpaka anaegemea ukuta, machozi yakimtoka.

"Miaka yote nahangaika na pengo hilo kwenye picha zangu," anasema. "Nilidhani halitaki kitu. Kumbe lilikuwa linawangoja ninyi."

"Sasa ndiyo umejua kuchora," anajibu mama huyo.

Kengele zinalia, padre anapita, umati unafuata. Kufikia mchana zulia limeishia kwenye nyayo za watu, na hakuna anayelisikitikia. Dona Deolinda anaokota konzi ya maua na unga wa buluu, anaviweka ndani ya glasi kando ya picha ya marehemu mumewe. Hatimaye kazi ya Abílio imeingia nyumbani kwa Mreno wa Esch.

Septemba, Mungu akipenda, atafungua maonyesho. Picha kubwa kuliko zote ameiachia duara jeupe katikati, na anataka wanawake wa parokia walijaze mbele ya wageni wote. Dona Deolinda amekubali, kwa sharti moja.

"Atafute ngazi imara," anasema. "Kalisi yangu itakuwa kubwa."